Mtumbwi Nyuma ya Matete

Kila Jumamosi asubuhi Hajra alikuwa na kazi zake: kufagia uwanja, kuosha vyombo vya jana na kuwawekea kuku pumba. Jumamosi ile alizimaliza zote kabla chai haijachemka. Mjomba wake, Latifu, aliyefanya kazi ofisi ya ardhi pale Kibaha, alikuwa ameahidi kumpeleka kwenye ziwa dogo lililoko msituni, upande wa Kisarawe. Tena alikuwa amemruhusu aje na Elinipa.

Elinipa alikuwa jirani yake na mwenzake wa darasa la sita. Wazazi wake walihamia Kibaha kutoka Same, na mtaani alijulikana kwa kupanda miti ambayo hata wavulana waliikwepa.

"Kaka Latifu, huyu miguu yake haitulii," mama yake alisema alipomleta. "Nakukabidhi."

"Usiwe na wasiwasi, Mama Elinipa. Tutarudi salama."

Walipita njia ya Kiluvya katika gari dogo la mjomba. Getini walimkuta mlinzi, mzee mmoja aitwaye Ponsiano, mwenye funguo nyingi zinazoning'inia kiunoni.

"Shikamoo," wasichana walisema pamoja.

"Marahaba, wajukuu. Karibuni. Anayetaka kuingia majini anakuja kwangu, namvalisha jaketi okozi, nampeleka mwenyewe. Ule mtumbwi wa nyuma ya matete msiuguse. Umetoboka. Tumeelewana?"

"Ndiyo, babu."

Palikuwa kimya mno. Hawakumkuta mgeni mwingine yeyote. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, na kima walikuwa wakirukaruka juu ya miti. Walikula chapati na mayai ya kuchemsha, kisha mjomba akajinyoosha kwenye mkeka. Punde usingizi ukamchukua.

"Twende tukauone huo mtumbwi," Elinipa alinong'ona.

Waliukuta umevutwa ukingoni, umefungwa kwenye kisiki kwa kamba kuukuu. Elinipa akachungulia ndani. "Mbona mkavu? Babu alikuwa anatutisha tu." Akaingia, akaketi. "Nisukume kidogo, Hajra. Kamba si ipo?"

"Eli, tumekatazwa."

"Acha uoga bwana! Kidogo tu."

Hajra akasukuma. Mtumbwi ukateleza, kamba ikanyooka, halafu ikakatika kama uzi uliooza. Mwanzoni wote wawili walicheka. Kisha upepo ukausukuma mtumbwi, na Elinipa hakuwa na kasia.

"Tafuta mti mrefu univute!" aliita. "Na usinichome kwa mjomba, usimwambie!"

Hajra alikimbia kutafuta mti. Alipotokeza upande wa mkeka, mjomba alikuwa ameamka.

"Mwenzako yuko wapi?"

Hajra alifikiri kwamba akipata mti upesi, mambo yatakwisha bila mtu kujua. "Ameenda msituni," alisema, "kuwaangalia kima."

"Peke yake?" Mjomba aliruka na kumwita mlinzi. Ponsiano aliposikia, uso wake ulibadilika. "Huko kuna mashimo marefu ya watu waliokuwa wakichimba udongo. Twende upesi! Wewe binti baki hapahapa, asije akarudi akakosa mtu."

Wakatokomea msituni, funguo zikilia kiunoni mwa mzee.

Hajra alirudi mbio penye matete. Mtumbwi ulikuwa umefika katikati ya ziwa.

"Hajra! Maji yanaingia!"

Hajra hakujua kuogelea, wala Elinipa hakujua. Hakuna mti ambao ungefika kule. Alikimbilia mitumbwi mizima, akaikuta imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Aliuvuta mnyororo mpaka viganja vikachubuka, lakini haukulegea. Ufunguo ulikuwa kwa Ponsiano, na Ponsiano alikuwa amepelekwa msituni na uongo wa Hajra mwenyewe.

"Mjomba!" alipiga kelele. "Mjombaaa!" Hakuna aliyeitika.

Kule majini Elinipa alikuwa akiteka maji kwa kiatu na kuyamwaga, lakini mtumbwi ulizidi kudidimia. Sasa alikuwa analia. "Usiondoke, Hajra! Usiniache peke yangu!"

Hajra alisimama ukingoni. Akibaki, angemtazama tu rafiki yake akizama. Akiondoka, huenda akirudi asimkute. Hakuona jema hata moja.

"Naenda kusema kweli, Eli!" aliita huku machozi yakimtiririka. "Endelea kuteka maji! Usiache!"

Akaingia msituni. Alijikwaa, akaanguka, akainuka. Mbali kidogo alizisikia sauti zao: "Elinipa! Elinipaaa!" Walikuwa wakiliita jina la mtu asiyeweza kuwasikia, na kila mwito ulimchoma Hajra rohoni.

"Hayupo huku!" alilia. "Nimedanganya! Yuko ziwani, mtumbwi unazama!"

Ponsiano aligeuka palepale. Alimpita mbio kama kijana. Hajra alipofika ukingoni, mzee alikuwa tayari anapiga kasia, na mtumbwi mbovu ulikuwa umebakiza ncha tu juu ya maji. Elinipa alikuwa ameikumbatia ncha ile, midomo imegeuka rangi. Ponsiano alimshika mkono, akamvuta ndani.

Walimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akamfunika blanketi, akasema yu salama. Kisha wakarudi Kibaha.

Walipofika kwa kina Elinipa, Hajra alitangulia kushuka. "Mama, mimi ndiye niliyemsukuma. Nikaulizwa alipo, nikadanganya. Nisamehe."

Mama Elinipa alimkumbatia mwanawe kwanza. Kisha alisema, "Nimekusikia, Hajra. Leo nina hasira. Lakini umekuja mwenyewe kusema, hilo nimeliona."

"Na mimi nisamehe, dada," Mjomba Latifu alisema. "Nilikabidhiwa mtoto, nikalala."

Kisha akamgeukia Hajra. "Kosa la kusukuma mtumbwi lilikuwa kubwa, lakini pale nilipokuuliza lilikuwa bado linarekebishika. Mtumbwi wake ulikuwa bado karibu na ukingo, na mlinzi alikuwa na ufunguo wa mitumbwi mizima. Ulipodanganya, tulikimbia kwa nguvu zetu zote, kumbe tunamkimbia yule tunayemtafuta."

"Aliniomba nisiseme, mjomba."

"Rafiki anaweza kukuomba hivyo. Maisha yake yakiwa hatarini, vunja siri hiyo palepale. Akukasirikie akiwa hai. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba," Hajra alijibu. Akaenda kuketi kando ya Elinipa, akaushika mkono wake uliokuwa bado wa baridi.