Kichekesho Katika Kundi la Kazini

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipitia kiwanda cha mikate ambako mama yake alikuwa msimamizi. Jina hilo la utani alipewa na wafanyakazi, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliketi katika chumba cha kufungia mikate akifanya hesabu, huku harufu ya mikate ikimchokoza tumbo.

Wafanyakazi walikuwa na kundi lao la simu la kupeana taarifa za kazi. Lakini salamu, picha za watoto na utani navyo vilijipenyeza humo.

Alasiri moja mama aliacha simu mezani, akaenda stoo kukagua unga. Kasuku akaichukua kimyakimya, akatuma kwenye kundi video ya paka aliyepiga chafya mpaka akaanguka. Kiwanda kizima kikaangua kicheko! Mzee mmoja, fundi wa tanuri, akajibu kwa video ya mbuzi, mwenzake akaleta ya bata, simu zikawa hazipumui.

Jua lilipoanza kuinama, dereva wa lori akaingia.

"Dada, mikate ya shule ya bweni iko wapi?"

"Si ya kesho hiyo?" mama akashangaa.

"Ya leo! Watoto wanasafiri alfajiri kwenda mashindanoni. Niliandika kwenye kundi."

Mama akapekua simu. Kweli, ujumbe ulikuwepo, umefukiwa chini ya mbuzi na bata. Akamgeukia fundi.

"Ni wewe na mbuzi wako! Watoto wasafiri na njaa?"

Fundi akainamisha kichwa. Mama hakuwa amefika kwenye video ya paka. Angenyamaza, lawama zote zingemwangukia fundi.

"Mama," Kasuku akasema, "nilianza mimi. Kwa simu yako."

Mama akamtazama, kisha akashusha pumzi.

"Tutaongea nyumbani. Sasa tufanyeje? Wa zamu ya asubuhi wameshaondoka."

"Waite kwenye kundi hilohilo," Kasuku akasema.

Mama akaandika. Muda si muda wakaanza kuingia: mkandaji unga mmoja bado na ndara za nyumbani, mwingine na mtoto mgongoni, yule ambaye picha yake kila mtu aliisifu kwenye kundi. Wakakanda, wakaoka, wakafunga. Kasuku akapanga mikate kwenye kreti mpaka mikono ikafa ganzi. Lori liliondoka limejaa, na vigelegele vikatikisa mabati.

"Mjukuu wangu," fundi akamwambia, akijifuta jasho, "umeniokoa."

Mama akamshika Kasuku bega.

"Utani ndio uliotufanya ndugu, ndiyo maana wenzetu wamerudi mbio. Lakini wakati wa kazi, utani usubiri mapumziko. Nawe ukikosea, sema mapema kama leo. Kosa lililosemwa hurekebishika. Lililofichwa huzaa jingine."