Mapigo ya Namba Tatu

Hezekia alizijua harufu zote za mashine mbovu. Kapasita iliyopasuka inanuka samaki, transfoma iliyoungua inanuka lami, waya ulioshika moto unanuka plastiki. Oskiloskopu aliyoletewa wiki ile ilinuka ubani. Akainusa mara mbili, akacheka peke yake, akaifungua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, mali za mashirika ya umma zikiuzwa kama mitumba ya mnadani. Abdulatif, mwenye malori pale Makambako, alinunua karakana nzima iliyofungwa, na katikati ya vyuma chakavu akaikuta mashine hiyo ya kuchora umeme kwenye kioo. Wala haikuwa ile ya kuchora na kusahau. Hii ilikuwa na kumbukumbu: ukibonyeza kitufe inahifadhi mchoro ulioupima, namba moja hadi namba tatu, na hata ukiizima, kesho unaukuta. Hezekia alikuwa akiitamani tangu chuoni. Alibadilisha kapasita zilizovimba, akasafisha swichi kwa spiriti, siku ya tatu ikawaka, naye akapiga makofi kama mtoto.

Namba moja ilionyesha mstari ulionyooka. Namba mbili, mstari ulionyooka. Namba tatu ilikuwa tupu.

Ukitaka kujua kama mashine hiyo inapima, huhitaji kutafuta umeme mbali. Unagusa ncha ya waya wake kwa kidole, na kwa kuwa mwili unadaka umeme wa nyaya za ukutani, wimbi linajichora. Kila fundi hufanya hivyo bila kufikiri. Lakini mikono ya Hezekia ilikuwa na kazi, mmoja umebana bodi iliyolegea, mwingine uko kwenye vitufe. Mkewe Esnath alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, kwenye cherehani yake, maana chumba kile cha mbele waligawana.

"Mama Idda, hebu gusa hapa kwa kidole."

"Haitanirusha?"

"Ingekuwa inarusha ningemwita Abdulatif mwenyewe."

Esnath akacheka, akagusa. Wimbi likaja, ila halikuwa la umeme wa ukutani. Lilipanda kwa ncha kali, likashuka, likapumzika, likapanda tena polepole, kama mapigo ya mgonjwa kwenye mashine za hospitali. Hezekia, kwa furaha yake ya kijinga, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

"Baba Idda, imenivuta," Esnath alisema, akikitazama kidole chake.

"Imekurusha?"

"Hapana. Imenivuta."

Alirudi kwenye cherehani akijifunika kitenge mabegani. Muda mfupi baadaye umeme wa mji ukakatika, kama kawaida yake. Kioo kikazimika. Hezekia akachomoa waya wa ukutani, na ndipo alipoisikia mashine ikigonga kwa ndani, tik, ikapumzika, tik, wakati haina umeme hata chembe. Akainamisha sikio kwenye bati. Ubani ukamjaa puani mpaka akakohoa.

Nyuma yake cherehani ilikuwa inaendelea kwa mguu. Ikasimama ghafla.

"Nimejichoma," Esnath alisema kwa sauti ndogo.

Sindano ilikuwa imepita katikati ya ukucha na kutokea upande wa pili. Hezekia akaikata kwa koleo na kuichomoa. Akasubiri damu. Haikuja. Tundu lilikuwa pale, jekundu kidogo, kavu. Akaushika mkono wa mkewe na kutafuta mapigo kwenye kifundo, akatafuta shingoni, akaweka sikio kifuani, na kote alikogusa kulikuwa na baridi na ukimya, na wakati huohuo Esnath alikuwa amesimama mbele yake akipepesa macho, akimuuliza kuna nini mbona anamshikashika, huku kule mezani mashine ikigonga tik, ikapumzika, tik.

Hezekia alikuwa mwimbaji wa kwaya, Mlutheri wa baba na babu. Mchungaji alikuwa Njombe kwenye mkutano. Akatoka mbio akimpita kila mtu bila salamu, mpaka kwa Maalim Issa, mwenye nyumba wao, mfanyabiashara aliyetoka Tanga, ambaye watu walisema ana elimu ya kusomea watu wenye majini.

Maalim aliingia, akanusa, akasita mlangoni. Esnath alikuwa kitini, macho meupe. Maalim alipoanza kusoma, kinywa cha Esnath kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume mtulivu, mwenye uchovu wa mtu wa ofisini.

"Wameuza karakana na mimi nimo. Hakuna aliyeuliza. Sasa taa ya nyumba yangu inazimika. Wawili wa mwanzo wameniishia. Namtumia huyu, na nikizimika, nazimika naye."

Maalim akakatisha kisomo. Jasho lilikuwa linamtoka, na kwa baridi ya Makambako mwezi Juni mtu hatoki jasho hivihivi.

"Mwanangu," alinong'ona, "mimi humtoa jini ndani ya mtu. Hapa mtu ndiye yumo ndani ya jini. Nikimfukuza ataondoka na mkeo. Taa gani anayoisema?"

Hezekia alijua. Akageuza mashine, akapima betri ndogo inayotunza kumbukumbu. Ilitakiwa volti tatu. Ilikuwa moja na nusu, na mshale wa mita ulikuwa unashuka akiutazama. Akiing'oa betri hiyo bila kuweka nyingine kwanza, kumbukumbu yote inafutika, namba tatu nayo. Ilibidi aunge betri mbili za tochi pembeni, ndipo aikate ya zamani. Umeme haukuwapo, kwa hiyo akatia chuma cha kulehemu kwenye mkaa wa jiko, na akafanya kazi ile ambayo siku nyingine angeifanya akipiga mluzi, akiunga waya wa kwanza huku sauti ile ikimhesabia taratibu, moja na robo, fundi, moja kamili, fundi, na vidole vyake vikiungua asisikie, na Maalim akisoma kwa kasi mpaka maneno yakaungana kama uzi mmoja, na mgongo wa mkewe ukijikunja kitini, mpaka waya wa pili ukashika.

Akakata ya zamani. Mashine ikanyamaza.

Kwenye ukucha wa Esnath damu ikatokea, tone moja, kisha mfululizo. Hezekia akalia bila haya.

"Usimweleze mkeo," Maalim alimwambia nje. "Hofu itamfungulia jini mlango tena. Nakwenda Tanga kumleta mwalimu wangu awatenganishe. Mpaka nirudi, betri zisikosekane hata dakika moja."

Hezekia akamdanganya Abdulatif kwamba kipuri kinatafutwa. Akaifunika mashine kwa gunia, akaificha chini ya kitanda. Kila Jumapili, Esnath akiwa bado kanisani, aliunga betri mpya kwanza, ndipo akatoa za zamani. Mkewe akanenepa, akarudia vicheko vyake. Hezekia akaanza kulala.

Wiki ya tano, Maalim akiwa bado Tanga, Hezekia alitoka Njombe kununua vipuri, akafika nyumbani mchana. Redio ilikuwa inaimba kwa nguvu, na yeye akaifurahia kabisa mpaka alipofika kizingitini, akakumbuka kwamba redio ile haikuwa na betri tangu juzi, na kwamba katika nyumba zote za mji ule betri zikiisha kwenye redio watu huzitafuta kwenye tochi, kwenye saa, kwenye chochote kilichomo ndani.

Gunia lilikuwa sakafuni. Nyaya za mashine zilining'inia bila betri.

Akazinyofoa betri kwenye redio, akapiga magoti, akazirudisha, akachomeka mashine ukutani, akaita namba tatu. Kioo kikawaka. Mstari ulikuwa umenyooka. Wala hapakuwa na harufu yoyote, ila ya vumbi na ya bati.

Ubani ulikuwa nyuma yake. Esnath alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, kitambaa mkononi.

"Usihangaike tena na betri," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nzuri, ya kila siku. "Hapa nilipo sasa pana joto la kutosha, fundi."