Ukurasa wa Nne

Boksi lilipasuka katikati ya soko la Chilinde, Lilongwe, Jumamosi saa nne asubuhi, wakati watu wamejaa hadi unapumulia shingo ya mwenzako. Vijitabu vya kijani vikamwagika juu ya nyanya, juu ya dagaa wa usipa, juu ya miguu ya wapita njia. Mwenye boksi, Cyrille, kijana wa Bukavu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa pasi hadi kola, alipiga magoti kwenye tope akiviokota.

"Zikomo, pardon, samahani mama..."

Muuza mandazi alikuwa ameshachana kimoja na kuanza kufungia mandazi.

Aliyemsaidia alikuwa Feza, binti wa Kindu, mchuuzi aliyekuja Lilongwe kununua vitenge vya kuuza katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alijifunga kitenge cha rangi ya chungwa na kilemba chake, na mdomo wake haukuwa na breki. Akafungua kijitabu, akasoma kwa sauti.

"'Haki za mtuhumiwa.' Eh! Kiswahili ya wapi hii? Nani aliandika?"

"Ni mi."

"Njo maana uko unapiga magoti." Akacheka mpaka vibonyeo vikatokea mashavuni. "Bantu ba kambi batasoma hii na kusinzia. Sema tu: usiweke kidole ku karatasi yenye hawajakusomea."

"Hiyo iko ku ukurasa ya ine."

"Basi iweke ku ya kwanza, papa."

Huo ulikuwa mwaka 2012. Cyrille alifanya kazi ya kujitolea katika shirika dogo lililofundisha sheria kwa wakimbizi na wanavijiji wa wilaya ya Dowa. Sheria ilihitajika sana. Dzaleka iliwahi kuwa gereza, na ingawa wafungwa walishaondoka, mkimbizi bado anaomba karatasi ya ruhusa ili aende kununua uzi Lilongwe. Mimi ninayesimulia huwa napandwa na hasira kila nikilikumbuka hilo, na sitaomba radhi.

Feza alianza kuja kwenye darasa la Cyrille katika kanisa la kambi, ingawa yeye ni Mwislamu. Kwanza alikuja kumcheka, baadaye akawa anafundisha pamoja naye. Alivaa mkanda wa Cyrille juu ya kitenge, akajifanya polisi, watu wakavunjika mbavu.

"Siku ya chakula," aliwauliza, "ukiletewa karatasi, unafanya nini?"

Ukumbi mzima uliinua dole gumba. Vidole vingine bado vilikuwa na wino wa zambarau wa mgao wa wiki ile.

"Njo pale shida! Bamefundisha kidole yetu kukubali kabla macho haijasoma!"

Cyrille alimtazama siku hiyo akajua amekwisha. Simu zikaanza, na Feza akawa anamwita wakili, kwa Kifaransa.

"Allô, avoka."

"Mi siko avoka, Feza."

"Avoka ya moyo yangu, basi. Umekula nini?"

"Nsima, ile ugali yao."

"Tena? Kesho ukuye, nitakupikia sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Na ulete ile shati nyeupe, iko na kifungo inataka kuanguka."

"Umeiona wapi?"

"Nakuangaliaka, we hujui?"

Walipendana hivyo kwa miezi minane. Kisha ikaja siku ya kizuizi cha barabarani.

Feza alikuwa anarudi kutoka Lilongwe na mafurushi matatu ya vitenge, ruhusa yake mkononi, risiti yake ndani ya furushi. Polisi wa kizuizini hawakutaka kuona risiti. Walisema ni mali ya magendo, wakambeba yeye na mafurushi hadi kituo chao. Feza hajui Kiingereza, na Chichewa yake, lugha ya wenyeji, ni ya sokoni tu. Wakampigia Cyrille aje kutafsiri.

Alifika jioni, jasho limemlowesha. Polisi mmoja akasukuma karatasi ya Kiingereza juu ya meza, pamoja na kidau cha wino.

"Mwambie aweke kidole hapa, aende nyumbani."

Cyrille alidhani ni karatasi ya dhamana. Alikuwa na haraka, na nadhani alikuwa na majivuno kidogo pia: alitaka mpenzi wake aone kwamba akija yeye, milango inafunguka.

"Weka kidole, chérie, tutoke."

Feza alimwangalia mara moja tu. Kisha akaweka. Ni yeye aliyekuwa akivaa mkanda wa polisi mbele ya ukumbi, lakini sauti ilikuwa ya Cyrille, na kidole kilikuwa kimezoea.

Kesho yake Ernestine, nesi jirani anayejua Kiingereza, alimsomea nakala aliyopewa kituoni. Iliandikwa kwamba Feza anakiri, kwa hiari yake, kuingiza vitenge bila ushuru.

Feza alitembea hadi mlangoni kwa Cyrille bila kufunga kilemba.

"Cyrille! Toka inje!"

"Feza, mi sikutaka ulale ku cellule ya polisi..."

"Ningelala! Cellule inaisha asubuhi! Hii karatasi itanifunga mwaka! We njo uliandika kitabu. We! Ukurasa ya ine! Hukusoma hata mustari moja?"

"Nisamehe, chérie."

"Usiniite chérie. Niite mutuhumiwa, si njo neno yako?"

Alimtupia kijitabu cha kijani kifuani akaondoka. Majirani walisikia kila neno, na walistahili kusikia.

Cyrille alipiga simu siku kumi na saba. Ya kumi na nane ikapokelewa.

"Sema mbio."

"Ku korti nitasema mi sikukusomea."

"Shirika itakufukuza."

"Najua."

"Hiyo haitanipoza," akasema, akakata.

Kortini, Dowa, polisi aliapa kwamba mkalimani alimweleza mshtakiwa kila kitu. Cyrille akasimama na shati lake jeupe, kifungo kimoja hakipo.

"Mheshimiwa, mimi ndiye mkalimani. Sikusoma. Nilimwambia aweke kidole, naye akaniamini."

Mwendesha mashtaka akainua kijitabu cha kijani. "Jina lililo nyuma hapa si lako? Wewe si ndiye unayewafundisha watu wasifanye hivyo?"

"Ndiye mimi."

Watu wakacheka. Masikio ya Cyrille yaliwaka moto, lakini hakuketi.

Hakimu aliikataa karatasi ile, akaamuru mafurushi yaletwe, risiti ikaonekana, kesi ikafutwa. Mafurushi yaliyorudi yalikuwa mawili. La tatu halikuulizwa na mtu, na mpaka leo kuna mke wa polisi anayevaa vitenge vyake.

Shirika lilimwondoa Cyrille wiki hiyohiyo. Feza alimkuta nje ya kanisa, amekaa juu ya boksi tupu.

"Hasira yangu haijaisha," akasema.

"Nitaingoja."

"Ukiwa unaingoja, nibebee furushi."

Akabeba. Alibeba kwa mwaka mzima, kambi hadi soko, akitukanwa njia nzima mwezi wa kwanza, akitaniwa wa pili, na wa tatu akashonewa kifungo. Alipomwomba ndoa, Feza alijibu, "Leta karatasi."

Wazee wa kanisa walinuna, wajomba wa Kindu walinuna zaidi, hivyo wawili hao wakaenda kufunga ndoa ya serikali, Dowa. Karani aliangalia vitambulisho vyao vya ukimbizi, hakuuliza kitu, akasukuma fomu ya Kiingereza na kidau cha wino wa zambarau.

"Kidole hapa, mama."

Feza hakuigusa. Alimgeukia Cyrille, macho yaleyale ya kituoni.

"Soma."

Cyrille alisoma mstari kwa mstari, kwa Kiswahili cha kambi, karani akiguna na foleni ikirefuka mlangoni. Alipomaliza, Feza aliweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Rudia hapa."

"'Nakubali kwa hiari yangu.'" Cyrille alirudia polepole.

Feza alisukuma kidau cha wino hadi ukingo wa meza.

"Kalamu," akasema.