Wa Mwisho Kuitwa

Shida ilianza na mwanamke aliyesimama pasipo pake. Alikuwa ndani ya gemu, kando ya kisima, amewapa watu mgongo, na Godlisten hakukumbuka kumweka.

Asiyejua mambo haya atauliza, mwanamke wa kwenye kioo cha kompyuta ana ubaya gani? Subiri. Godlisten alikuwa fundi mitambo wa kiwanda kimoja cha nguo mpaka kilipobinafsishwa na watu wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake kikanunua kompyuta tatu zilizochokea Dubai, akafungua chumba cha gemu mbele ya nyumba yake pale Mwembesongo. Ndio ulikuwa wakati wa soko huria. Kila mwenye dirisha linalotazama barabara alikuwa mfanyabiashara. Vijana walikuja kucheza gemu moja refu la mapanga na farasi, ambamo mchezaji anakuwa mtu mwingine, anasafiri, anajijengea jina, kisha anahifadhi safari yake ili kesho aendelee alipoishia.

Uhodari wa Godlisten ulikuwa kwenye modi. Modi ni kitu unachoongeza kwenye gemu: nyumba mpya, mavazi, mvua, hata sauti. Kuongeza si kazi, kazi ni kujua ipi itangulie na ipi ifuate. Modi mbili zikigusa kitu kimoja zinagombana, na ya mwisho kupakiwa ndiyo inayoonekana. Ile ya mwanzo haifi, inafunikwa tu. Vijana wakipanga ovyo, milango ilifunguka hewani na farasi wakazama ardhini, ndipo wanamwita. Anakaa, anapanga upya huku akipiga mluzi, na ugomvi unakwisha.

Mluzi ule ulikoma siku alipomzika mkewe. Josephine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mluguru wa Mgeta, na gemu lile alilipenda kuliko vijana wote wa mtaa. Mumewe, aliyekuwa Mchaga, Josephine alimwita "Mchaga wangu", jina la chumbani ambalo hakulitamka mbele ya mtu. Aliacha binti mmoja, Mercy, wa miaka sita, na safari yake moja aliyoihifadhi: mwindaji wa kike mwenye joho la bluu, amesimama akitazama ziwa.

Siku ya kumaliza matanga kule Mgeta, Mzee Yakobo, mjomba wa Josephine, aliwaita wazee wa ukoo kwa Kiluguru huku akimimina unga uliokorogwa kwa maji. Godlisten hakuelewa hata neno, lakini sauti ilimgusa moyo, akainasa kwa kinasa sauti kilichokuwa mfukoni. Hakuomba ruhusa. Aliporudi mjini akatengeneza modi ya kijiji cha mkewe, na migomba yake na kisima chake, na sauti ya Mzee Yakobo ikisikika kwa mbali mchezaji anapokaribia. Mwishoni mwa kanda hapakuwa na maneno, ni maji tu yanamwagwa, kimya kirefu, halafu mtu anakohoa. Akaona hapo hapana kitu, akakata. Modi ile akaipanga mwisho kabisa isije ikafunikwa na nyingine, akaifungua safari ya Josephine, akamtembeza mwindaji wake mpaka kijijini, akahifadhi. Alitaka mkewe alale kwao. Alilia sana siku hiyo, na nani wa kumlaumu?

Sasa huyo mwanamke wa kisimani. Godlisten alimfuta, kesho yake yupo. Akapanga upya modi zote, yupo, tena kwenye kompyuta zote tatu. Vijana wakadhani ni ufundi mpya, wakamsifu. Halafu ikaja harufu, ya udongo mbichi na unga uliochacha, ikianzia chumba cha gemu na kuingia mpaka jikoni. Wateja wakaanza kupungua, mmoja mmoja, bila kusema sababu.

Latifa, jirani aliyekuwa akimlea Mercy mchana, ndiye aliyekuja kumwita pembeni.

"Baba Mercy, umemfundisha mtoto Kiluguru?"

"Mimi nakijulia wapi? Hata yeye hakijui."

"Basi anaongea na nani pale kwenye karo la kuoshea vyombo?" Latifa alishusha sauti. "Na anajibiwa."

Alasiri hiyo mvua ilishuka kutoka mlimani na umeme ukakatika mtaa mzima. Godlisten alikuwa peke yake na mashine zilizozimika aliposikia spika zikianza, pole pole, ile sauti ya Mzee Yakobo ikiwaita wazee mmoja baada ya mwingine, ikafika jina la mwisho, ikarudi jina la mwisho, jina la mwisho tena, na kila ilipolitaja harufu ilizidi na maji yakatiririka chini ya mlango wa ndani, na alipousukuma mlango ule alimwona mwanawe amesimama katikati ya chumba, amempa mgongo, vilevile kama yule wa kisimani, nywele zinachuruzika maji ilhali hakutoka nje, na akamwita Mercy, Mercy mwanangu, na mtoto akageuza shingo tu, mwili ukabaki pale pale, akamtazama baba yake kama unavyomtazama mpangaji ambaye kodi yake imekwisha.

Hapo fundi akaelewa kwa lugha ya kazi yake. Mtoto hajafa, amefunikwa.

Alituma ujumbe kwa gari la mboga, na gari hilohilo likamleta Mzee Yakobo, amekaa juu ya viroba vya kabichi. Godlisten alimwamkia shikamoo mjomba, kisha akakiri yote, kanda, modi, na kile kipande alichokikata. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alipoambiwa kuhusu maji yaliyokatwa, alifumba macho.

"Wale wengine tuliwaita waje wale," alisema. "Yule wa mwisho si wa ukoo. Ni jini la bwawa la juu, tunaliita likale fungu lake, tunamwaga maji, linaondoka. Mkwe, wewe umeliita kila siku, na hujaliaga hata mara moja."

Godlisten akasema ataifuta modi leo hii. Lakini akaongeza, kwa sababu alikuwa mkweli katika ufundi, kwamba safari iliyohifadhiwa na modi ndani yake hubaki na masalia yake, hata modi ikiondolewa.

"Basi na hizo safari. Zote," alisema Mzee Yakobo. "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Nimekuja kumkomboa mtoto wetu, na sitamwaga maji mbele ya mlango ulioachwa wazi."

Godlisten aliifuta modi, kisha safari za vijana, moja moja. Alipofika kwenye ile ya Josephine aliomba apewe nafasi kidogo. Mzee akageuka kwa heshima, maana mgane ni mgane. Godlisten akainakili kwenye sidii, akaificha chini ya godoro, ndipo akaifuta. "Tayari, mjomba," alisema. Ulikuwa uongo, na alijua kuwa ni uongo.

Mzee Yakobo aliita majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akamwaga maji taratibu kizingitini na kukaa kimya. Mercy alikohoa, akaanguka, akalala. Alipoamka aliomba chai na kitumbua, kwa Kiswahili cha Mwembesongo. Godlisten alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Harufu ikaisha. Wateja wakarudi. Hata mluzi ukarudi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mfiwa hasikii ya wahenga. Jumapili moja asubuhi, Mercy akiwa kwa Latifa na jua likiwa linawaka vizuri, Godlisten aliitia ile sidii kwenye mashine. Nia yake ilikuwa kumwona mkewe mara moja tu.

Kijiji hakikuwapo tena, modi ilikwisha kufutwa. Palikuwa na uwanda mtupu, na mwindaji mwenye joho la bluu. Ila sasa hakutazama ziwa. Amegeuka, anamtazama yeye, na joho lake linachuruzika maji.

Nyuma ya Godlisten mlango ulisikika, kisha nyayo ndogo zenye maji juu ya saruji, zikamkaribia hatua kwa hatua, zikasimama kwenye kiti chake. Ile harufu ya unga uliochacha ilimfikia kabla ya sauti. Mkono mdogo, wa baridi, ulilala begani mwake.

"Mchaga wangu," sauti ilisema, na ilikuwa sauti ya Josephine, kila pumzi yake. "Nisogezee kiti."

Alijua jambo la kufanya. Kitufe cha kufuta kilikuwa chini ya kidole chake, na mahali fulani chini ya sauti ile mwanawe alikuwa hai, amefunikwa, anangoja.

Godlisten akasogeza kiti.