Sauti Ndani ya Mkaratusi

Kifua kilikuwa kimembana mama tangu asubuhi. Jua lilipoanza kuzama nikaacha cherehani, nikaenda kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba zetu kuchuma majani ya kumfukizia.

Pale hapaoti hata nyasi. Miti ile hunywa maji yote ya ardhini. Imesimama kwa mistari, mirefu, myeupe, magome yakining'inia kama vitambaa vilivyochanika.

Yalikuwa yakisuguana.

Kwaru… kwaru…

Na upepo haukuwepo.

Nikajikaza, nikachuma. Harufu kali ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka.

"Fundi…"

Mnong'ono. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikarudi nyuma, nikaegemeza kiganja kwenye shina, pale gome lilipobanduka. Palikuwa laini. Pana joto, kama paji la mtu mwenye homa.

Nikavuta mkono.

Haukutoka.

Utomvu mwekundu ulichuruzika kati ya vidole vyangu, ukaganda. Gome refu likanizunguka kiunoni, taratibu… likakaza.

"Usivute," sauti ikasema ndani ya mti. "Hata mimi nilivuta."

Nikaitambua. Mpasua mbao, jirani yetu! Mwaka mzima mkewe alikuwa akitulilia kwamba mumewe katoroka na mwanamke.

"Shemeji… ni wewe?"

"Sikutoroka. Waambie…"

Juu kukasikika mlio, paa! Mikaratusi huangusha matawi bila kumwonya mtu. Tawi nene lilishuka, likalipiga shina, gome likalegea. Nikajichomoa. Ngozi ya kiganja ikabaki pale.

Nilikimbilia kwa mkewe. Nilidhani atafarijika kusikia hakuachwa. Nikamweleza yote huku nahema. Hakutoa hata chozi. Alinikalisha, akanifunga kitambaa mkononi.

"Kumbe bado anaongea," akasema polepole.

Kisha akaenda kuufunga mlango kwa ufunguo.

Sijui ingekuwaje kama muuza maziwa asingebisha hodi. Yule mke alipofungua, nilimpita ubavuni nikatoka mbio.

Mama alipona. Mikaratusi ilikatwa yote, na visiki vikachipua upya, miti mingi kuliko mwanzo. Mimi jioni sitoki tena. Yule mke wa mpasua mbao huja kusimama dirishani kwangu, uso karibu na nondo, ananong'ona:

"Fundi… hujamwambia mtu, eti?"

Mpaka jana nilikuwa najibu sijamwambia mtu. Leo nimekuambia wewe.