Mawe Matatu ya Kivuko

Saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, tarehe 15 Novemba 1934, Kavata alimkuta mumewe Mutie chali chini ya mkuyu, hatua arobaini kutoka Ziwa la Nzuki. Alidhani amejinyoosha tu. Alimgusa bega amwambie uji umeiva, na bega lilikuwa baridi kama mtungi.

Kisha akaona jeraha ubavuni. Kilio chake, "Wamemuua Mutie!", kilipita msitu wote, kikavuka na mto.

Ng'ambo walikuwa wamekaa ndugu watatu wa Mutie. Walikuja kumsaidia kubeba asali, wakakuta hapapitiki. Msitu ule mdogo, mwendo wa nusu siku kutoka soko la Zombe, ulikuwa umebanwa kati ya jabali lililosimama wima na pindo la mto. Nje yake kulikuwa na miiba na vumbi. Ndani ilisimama mikuyu na miringaringa yenye majani mapana kama sinia, na katikati lilitulia ziwa dogo. Njia ilikuwa moja, kivuko cha mawe matatu. Mvua ilinyesha milimani usiku kucha, mto ukafura, na mawe yote yakawa chini ya maji mekundu.

"Nani amemuua?" sauti iliuliza kutoka ng'ambo.

Ndululu, askari kanga, yaani polisi wa chifu, alikuwa bado anachechemea kuelekea kwenye maiti. Goti lake moja lilibaki katika vita vya Wajerumani. Chifu alikuwa amemtuma amsindikize Mwalimu Kiema wa shule ya misheni, aliyekuja kuuzuru msitu huu na kukusanya majani ya kufundishia watoto. Ndululu alikuwa na rungu, filimbi na kamba. Bunduki hakupewa.

"Tazama kisu cha yule," Mwalimu Kiema alisema kwa sauti ya chini, akimwelekezea kidevu Aftin, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa amekwama pale na wanyama wake tangu jana usiku. Kisu kilikuwa kiunoni mwake, na mpini ulikuwa na damu.

Kabla Ndululu hajafungua kinywa, Muthama, mwindaji na jirani wa Mutie, alikwisha kuzungushia kinywa viganja na kupaza sauti: "Ni Msomali!"

 Kisha wale ndugu watatu wakakaza nyuzi za pinde zao, wakakaa kuutazama mto.

"Umefanya nini, Muthama?" Ndululu aliuliza.

"Nimejibu swali. Kwani waliuliza kwa Kiingereza?"

"Umemhukumu mtu."

"Mawe yakitokea watavuka, Askari. Labda saa kumi na moja. Mpaka hapo wewe hukumu unavyotaka."

Aftin aliyasikia yote. Aliangalia jabali nyuma, akaangalia mto mbele, kisha akaketi katikati ya mbuzi wake, akafunga mikono magotini.

Ndululu aliwaamuru wote wakae kando ya ziwa, mahali anapowaona, asiondoke mtu. Akainama juu ya maiti.

Ubavuni kushoto palikuwa na shimo la mviringo, pana kama mdomo wa kikombe. Halikuwa la pigo moja. Kingo zake zilikuwa na mikato mingi mifupi. Damu ilikuwa kidogo mno, ya kulowesha majani mawili tu. Juu, katika utanzu wa mkuyu, ulining'inia mzinga wa gogo, mfuniko wake wazi, asali ikidondoka. Kwenye mzinga ilichongwa alama, mistari miwili iliyokatwa na wa tatu. Chini, kati ya mizizi, Ndululu aliokota vipande vya ngozi kavu, vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyojikunja kwa uzee. Alivifunga katika kitambaa, akaenda ziwani.

Alianza na Aftin. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Damu hiyo ni ya nani?"

"Ya mbuzi. Yule mama hajala tangu jana, wala wewe. Nilichinja alfajiri. Nyama ile pale kwenye moto, nenda uihesabu."

"Uligombana na Mutie."

"Aliniambia mbuzi zangu zinachafua ziwa lake. Nikamwambia ziwa ni la Mungu. Akacheka, akanipa asali. Huo ni ugomvi?"

Ndululu alikichukua kisu. Ubapa wake ulikuwa na upana wa vidole vitatu.

"Sajini," Aftin alisema. Ndululu hakuwa sajini, lakini hakumsahihisha. "Mimi nachinja tangu nina miaka saba. Mnyama akikatwa akiwa hai, damu inaruka. Ya huyu iko wapi? Wallahi, huyu alikatwa moyo wake ukiwa umekwisha kusimama."

Ndululu alimrudishia kisu. Muthama aliona, akatema mate.

"Unampa silaha?"

"Nampa kisu cha kukatia nyama. Njoo wewe."

Muthama alikuja na upinde wake na podo. Mishale ilikuwa sita.

"Ulikuwa na neno gani na Mutie?"

"Alinikataza kutundika mzinga mkuyu ule. Alisema mkuyu ni wake. Tangu lini mti ukawa wa mtu mmoja?"

"Ukimpiga paa kwa mshale wa sumu, akaanguka, unafanya nini kwanza?"

"Askari, umesahau kuwa Mkamba?"

"Nijibu."

"Unaikata nyama pale penye jeraha, unaitupa, maana ndipo sumu ilipo. Na kigumba kina miba, hakitoki kwa kuvutwa. Unakikata pamoja na..."  Aligeuza shingo polepole kuelekea mkuyu. "Unakikata pamoja na nyama yake," alimaliza kwa sauti ndogo.

"Duara?"

"Duara."

"Hivyo aliyemkata Mutie alikuwa akitoa kigumba cha mshale. Msomali hatumii mshale. Hapa mwenye mishale ni wewe."

 Muthama aliangalia mto, mahali wale ndugu walipokuwa wamekaa, kana kwamba ameuona upya.

"Sikumuua, ndugu yangu."

"Lete podo."

Ndululu aliitazama mishale mmoja mmoja, bila kugusa ncha. Kila kigumba kilikuwa kimeviringishiwa utepe wa ngozi nyembamba, kama mwindaji yeyote afanyavyo ili sumu isikauke na isimkwaruze mwenyewe. Tepe zote sita zilikuwa laini, zimepakwa mafuta, na mafundo yake yalikuwa na vumbi. Hakuna uliofunguliwa karibuni. Wala hakuna uliofanana na vile vipande vikavu alivyoviokota.

"Kaa," alimwambia. "Leo sikufungi."

Saa saba jiwe la kwanza lilichomoza mgongo. Ng'ambo mmoja wa wale ndugu alisimama, akajinyoosha, akaketi tena.

Mwalimu Kiema alikuja bila kuitwa, shati jeupe, suruali fupi iliyopigwa pasi, mfuko wake wa turubai ameubana kwapani. Jana yake aliuning'iniza begani kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi.

"Ukanda wako uko wapi, Mwalimu?"

"Ulikatika. Niliutupa."

"Wapi?"

"Sikumbuki. Je, nakuja kuhojiwa juu ya kamba, na muuaji yule pale anaota moto?"

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Upande wa juu wa ziwa, nikichuma majani ya mringaringa. Peke yangu. Nilikuwa na kitabu na kisu cha kukunja. Mimi si mtu wa pinde, unajua. Siku ya ubatizo wangu niliuchoma upinde wa baba yangu mbele ya kanisa zima. Hata wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Baba yako alikuwa Ndambuki. Mizinga yake alirithi nani?"

Kiema aliubana mfuko zaidi. "Niliikataa, kwa sababu ya matambiko yake. Ukoo ukampa Mutie."

"Alama ya Ndambuki ilikuwa ipi?"

"Sikumbuki mambo ya kipagani."

"Mimi nakumbuka," Kavata alisema. Alikuwa amekaa kando ya maiti tangu asubuhi, na wote walidhani hasikii. "Mistari miwili, na wa tatu unaikata. Iko kwenye ule mzinga uliofunguliwa. Mume wangu alikuwa na mizinga kumi na minne msituni humu. Mwizi alipanda kwenye ule mmoja tu."

Jiwe la pili lilitokea. Maji yalikuwa yakishuka haraka kuliko alivyokisia Muthama.

Ndululu alisimama, ingawa goti lilimuuma. "Sikilizeni. Kigumba hakihitaji upinde. Mtu anaweza kukishika mkononi akachoma. Kilichomuua Mutie kilikuwa kimefungwa ngozi ya zamani sana, kikahifadhiwa miaka, na ngozi ilipofunguliwa ikavunjika vipande. Hivi hapa. Aliyechoma hakuthubutu kukiacha, maana kina alama ya mwenyewe kama mizinga ilivyo. Akakikata kwa kisu kidogo. Kisha nikawakusanya ninyi nyote hapa, na tangu hapo hajapata nafasi ya kukificha. Mtoni wale ndugu wangemwona, na sasa nimemzuia. Ziwani hawezi kukitupa, kwa kuwa ndiyo maji pekee tunayokunywa, na yeye anakunywa. Basi anacho. Lakini kigumba chenye sumu hakiwekwi mfukoni kikiwa uchi. Ilibidi apate ngozi nyingine."

 Macho yote yalikwenda kwenye mfuko uliobanwa kwapani.

Kiema alirudi nyuma hatua tatu, akaingiza mkono mfukoni, kati ya majani. Alipoutoa ulikuwa umeshika kitu kirefu kama kidole, kilichoviringishiwa ukanda wa ngozi ya mbuzi. Akaanza kuufungua.

"Asinikaribie mtu."

Nyuma yake lilikuwa ziwa. Hakujua kuogelea, jana alikuwa amemwambia Ndululu hivyo akicheka. Muthama alipachika mshale. Aftin naye alisimama, mikono mitupu.

"Utakwenda wapi, mwanangu?" Kavata aliuliza. Hakupaza sauti. "Niambie kwanza. Tulikulisha jana."

Ngozi ilikuwa imefunguka nusu. Kiema alikuwa akiutazama mkono wake ulioshika kigumba kwa hofu kubwa kuliko alivyoutazama mshale wa Muthama.

"Asali ya baba yangu," alisema. "Nilitaka kuionja tu. Miaka tisa sijaionja. Nilipanda alfajiri, nikachukua kipande kimoja. Niliposhuka Mutie alikuwa chini, anacheka. Akasema, 'Mwalimu, ungeniomba ningekupa mtungi mzima. Sasa wewe ni mwizi wa mzinga.' Akasema Jumamosi atasimama sokoni Zombe awaambie watu. Mnajua mwizi wa mzinga alifanywa nini zamani. Hata leo hakuna atakayempa binti, wala kumkalisha kwenye kikao. Na mwezi ujao kanisa linanifanya mzee. Nilimpigia magoti. Akazidi kucheka."

"Na kigumba?" Ndululu aliuliza.

"Niliuchoma upinde. Hiki sikuweza. Ndicho baba alichoniachia mkononi alipokufa. Nimekibeba kila mahali, hata kanisani."

"Mutie alicheka kila jambo," Kavata alisema. "Alicheka Msomali, alicheka mvua. Jumamosi angesahau. Ulikaa naye siku mbili, hukuliona hilo?"

 Kiema aliuviringisha ukanda upya, pole pole, kwa vidole vya mtu aliyefundishwa na babaye, akaweka kigumba juu ya jiwe. Ndululu alimfunga mikono kwa kamba.

Kavata alikwenda hadi ukingoni mwa mto, akawaita mashemeji zake kwa majina, mmoja mmoja. "Si Msomali," alisema. "Ni Kiema mwana wa Ndambuki. Amekiri mbele yangu. Mkimgusa Msomali mtakuwa mmeniua mimi."

Yule mkubwa alishusha upinde, lakini hakuulegeza uzi wake. "Basi mlete Kiema."

"Kiema ni wa serikali," Ndululu alijibu. "Atakwenda Kitui kwa bwana DC."

"Atakwenda. Kwanza apite hapa."

Jiwe la tatu lilitokea saa kumi na nusu. Aftin aliwapigia mbuzi wake mluzi, wakaanza kuingia majini wakilalamika. Kiema hakuondoka mahali alipokuwa.  Ng'ambo pinde tatu zilikuwa tayari, na katikati ya mto hakuna mti wa kujificha.

"Askari," alisema, "nifungie hapa hapa. Kamlete bwana DC, mje mnichukue."

"Nikikuacha watavuka. Na mimi nina rungu moja."

Aftin alikuwa amefika jiwe la kwanza. Alisikia, akageuka. Alimtazama yule mtu aliyeonyesha kisu chake asubuhi.

"Mwalimu," alisema, "watu hawa wanaheshimu mbuzi za watu, hawatapiga mshale kwenye kundi. Ingia katikati. Inama, uwe kimo chao."

Kiema alitazama shati lake jeupe. Kisha akapiga magoti majini, akajipenyeza kati ya manyoya na pembe, na kundi likamfunika. Aftin alitembea upande wa juu, ulioelekea pinde, Ndululu upande wa chini, wakavuka hivyo, polepole, kwa mwendo wa mbuzi.