Meno ya Kwenye Picha

Sururu iligonga kitu kigumu, na kilichochomoka udongoni hakikuwa jiwe. Lilikuwa fuvu la mtu. Mchimba msingi aliruka nje ya mtaro akatimua mbio.

Inspekta alipofika, ua wa fundi cherehani ulishajaa majirani, na majirani walishatoa hukumu. Kituoni walimwita Inspekta huyu Taratibu, kwa sababu hakuwahi kufanya lolote taratibu.

"Mumeo yuko wapi?" alimuuliza fundi cherehani, mwenye nyumba.

"Alinikimbia, afande. Mahakama yenyewe ilishavunja ndoa."

"Una picha yake?"

"Ninazo. Ila kichwa chake nimekikata kwenye zote."

Majirani wakaguna. Mpangaji wake wa chumba cha nyuma, mwalimu wa chuo cha uuguzi, alisimama dirishani akitazama. Fundi cherehani alilala mahabusu.

Asubuhi mama mkwe wake alikuja kituoni na picha pekee iliyonusurika mkasi.

"Kama fuvu ni la mwanangu, nimzike," alisema. "Kama si lake, mkwe wangu mumtoe leo hii. Mimi sijawahi kumdhania ubaya."

Inspekta alimpeleka maabara mbiombio. Daktari wa mafuvu, mama wa vicheko vingi, aliifurahia ile picha.

"Heri aliyepigwa picha anacheka! Meno ndiyo sehemu pekee ya fuvu tunayoionyesha tukiwa hai."

Aliliweka fuvu kwenye kishikio, akaligeuza kidogo kidogo hadi likainama kama kichwa cha pichani. Akalipiga picha, kisha akazilaza picha mbili moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Macho yakaingia kwenye matundu yake. Pua nayo ikakaa. Mama mkwe aliukamata mkono wa Inspekta, na Inspekta mwenyewe aliogopa.

"Mwanao ana mwanya?" Daktari aliuliza.

"Mkubwa tu."

"Huyu meno yamebanana, hata uzi haupiti. Na kidevu kimevuka ndevu za mwanao. Si yeye."

Kigelegele alichopiga mama mkwe hakikuwahi kusikika hapo maabara kabla ya siku hiyo.

"Basi ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Ni fuvu la kufundishia. Ona vitundu vya waya wa kushikia taya. Tena limepakwa vanishi."

Inspekta alitoka mkuku kumkamata Mwalimu. Chumbani hakumkuta, chuoni hakumkuta. Alimkuta kwenye benchi la kituo chake mwenyewe.

"Umekuja lini hapa?"

"Tangu alfajiri, afande. Umenipita mara kadhaa. Kila nikifungua mdomo, umeshatoka."

"Fuvu la nani?"

"La chuo. Nililichukua mimi, nikalifukia mimi."

"Kwa nini?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Mwenye nyumba alileta mafundi chini ya dirisha langu, akaniambia nijiandae kutoka. Nikajua nafukuzwa. Nilitaka ujenzi usimame kidogo, nipate nafasi ya kumwambia."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba nampenda. Sikujua kama watamshika yeye."

"Si ungemuuliza tu?"

"Niliogopa jibu."

Fundi cherehani, aliyekuwa kaunta akirudishiwa viatu vyake, alisikia yote. Alimsogelea Mwalimu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Inspekta alidhani atampiga nacho.

"Mwalimu, ule msingi ulidhani wa nini?"

"Wa vyumba vipya vya kupangisha."

"Nilikuwa nakupanulia chumba! Vitabu vimekubana mpaka unalala umejikunja. Nilitaka utoke wiki moja tu, ukuta ubomolewe."

Mama mkwe, aliyekuja kumchukua mkwe wake, alishika kiuno akiangua kicheko.

"Kesi yako nenda ukaijibu," fundi cherehani alisema. "Umenilaza sakafuni, na hilo tutalizungumza. Ukimaliza, urudi nyumbani."

Mwalimu akanyoosha mikono apigwe pingu, akicheka huku machozi yanamtoka.